Chanya na Hasi wa Kibirizi

Feliksi wa Gungu ana sura ambayo ukikutana nayo sokoni unaisahau kabla hujapokea chenji. Si mbaya. Ingekuwa mbaya ingemsaidia, maana watu wa sura mbaya hukumbukwa. Yeye ana sura ya mtu anayeshikilia ngazi wakati mwenzake anabadilisha balbu, na ndivyo alivyoanza maisha hasa. Kidato cha nne kilimtema na alama ambazo hata mama yake, Honorata, ambaye kusoma hajui, alizitazama akaona zina huzuni. Akapelekwa kwa fundi umeme mmoja kushika ngazi. Aliishika vizuri. Hakuna aliyewahi kumsifu kwa hilo.

Honorata anaanika dagaa Kibirizi, na kuhusu mwanawe alikuwa na maneno yaleyale kwa kila aliyeuliza. "Wenzangu wamezaa watu," alisema huku anageuza dagaa kwa fagio, "mimi nimezaa waya. Usipomchomeka mahali hafanyi kitu."

Hatimaye waya ukapata pa kuchomekwa. Feliksi alifungua kibanda pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia dagaa, akawa anachaji betri za mitumbwi. Kazi ya dagaa, kwa asiyeijua, hufanyika gizani. Mvuvi anawasha taa juu ya maji, dagaa wanakuja kuangalia kuna nini, kama sisi watu wa Kigoma bodaboda ikianguka, halafu wavu unapanda nao. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawadanganyiki tena na taa ya mtu. Mitumbwi inavutwa mchangani, wavuvi wanakaa nchi kavu siku zote za mbalamwezi, wana hela, wana kiu, na wake zao wameshachoka kuwatazama. Betri nazo zinapumzika. Zilipumzikia kwa Feliksi, zimepangwa ukuta mzima, kila moja na rangi ya mwenye mali: nyekundu ya huyu, kijani ya yule, na mstari wa bluu wa Anatoli, tajiri mwenye mitumbwi mingi kuliko adabu.

Katikati ya betri hizo Feliksi alikuwa na kompyuta yenye kioo kilichopasuka, aliyouziwa na mtumishi mmoja wa serikali aliyepata uhamisho na kuondoka Kigoma kama mtu anayekimbia nyuki. Humo ndimo alimotengenezea midundo. Alirekodi mngurumo wa chaja, akarekodi kile kilio cha inveta inapokaribia kuzimika, akaviunganisha na ngoma za ndani ya kompyuta, akapata muziki wa kuchezeka ambao haukuwa na mteja hata mmoja. Mteja wa kwanza alikuwa mama yake. Honorata aliusikia mara moja tu, akaagiza spika ielekezwe kwenye vichanja vyake vya dagaa. Kunguru waliruka wote hadi upande wa bandarini.

"Leo umenifaa," alimwambia mwanawe, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza katika kazi yake ya muziki.

Yasmini alikuja na betri ya gari la matangazo. Huyu ni binti wa Ujiji, mrefu, mwenye mdomo, na sauti yake kila mtu mjini alikuwa anaijua bila kumjua yeye mwenyewe. Ndiyo iliyotuuzia magodoro, ikatutangazia chanjo ya mbuzi, na mtoto wa mtu akipotea soko la Mwanga ndiyo iliyomtafuta kwa sauti ileile ya magodoro. Aliweka betri chini, akawatazama kunguru wakitoroka.

"Fundi, hicho kinacholia ni nini?"

"Muziki."

"Nani kafariki?"

"Ni wa kucheza," alisema Feliksi.

"Wa kucheza na nani? Hata kunguru wamekataa." Akasikiliza kidogo, kichwa upande. "Hebu rudia hapo mwanzo."

Feliksi akarudia. Wakati huohuo mvuvi mmoja alichungulia kibandani akauliza lile swali ambalo kila mvuvi huuliza akifika pale: imejaa? Feliksi akajibu kama siku zote: imejaa. Yasmini akacheka, akaliingiza swali kwenye mdundo kwa sauti ya magodoro, akajijibu mwenyewe, akaliuliza tena kwa kulivuta, mpaka yule mvuvi akasahau betri yake akaanza kutikisa mabega. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa wimbo wa "Imejaa", na hivyo ndivyo lilivyozaliwa kundi la watu wawili lililojiita Chanya na Hasi. Jina lilitoka kwa Feliksi. Alieleza kwamba betri bila ncha mbili haifanyi kazi, na kwamba wao wawili watakuwa hivyo. Alilieleza kwa muda mrefu. Yasmini alikubali ili anyamaze.

Walipiga mbalamwezi tu, pale mchangani, kwa betri za wavuvi na mbele ya wavuvi haohao. Hakuna aliyenung'unika. Betri zilikuwa zimelala, wenyewe walikuwa wamelewa, na Yasmini akiuliza "Imejaa?" mwalo mzima unajibu, mpaka Wakongo waliokuja kununua dagaa wakaujua wimbo. Ulikuwa muziki mzuri, tusiwe wachoyo. Ulikuwa na ule mngurumo wa chini unaoingilia kwenye nyayo. Mtu akiusikia anajua umetengenezwa na mtu aliyekaa peke yake sana.

Tatizo lilikuwa moja. Hakuna aliyejua kwamba wako wawili.

"Yasmini na fundi wake," ndivyo watu walivyosema. Bango lao la kwanza lilichapishwa na picha ya Yasmini nzima na mkono wa Feliksi umeshika waya; mchapaji alieleza kwamba kichwa kilikuwa kinaingia kwenye namba ya simu. Wakaitwa redioni. Mtangazaji alimuuliza Yasmini kuhusu utoto wake, ndoto zake na chakula anachopenda, kisha akamgeukia Feliksi kwa heshima kubwa akasema, "Fundi, hebu msogezee maiki kidogo." Feliksi akaisogeza. Alipotoka nje alimwambia Yasmini kwamba safari nyingine aseme.

"Niseme nini?"

"Kwamba tuko wawili."

"Feliksi sha, si wanaona?"

"Hawaoni."

"Basi simama mbele waone. Mimi nikubebe?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Feliksi alikuwa anapigia nyuma kabisa, kwenye kivuli, amekalia betri mojawapo, na wengi walidhani analinda mali. Lakini kuanzia siku ile ya redio alitaka kitu kimoja tu duniani, wala hakikuwa fedha wala wanawake: asikie mtu mmoja, mbele za watu, akisema kundi ni la watu wawili na wa pili ni Feliksi. Wengine huomba mvua. Alianza kutengeneza kinanda cha kuvaa shingoni, kwa mbao na vitufe vya kinanda kilichoungua, ili siku ikifika ajitokeze nacho mbele.

Siku ikaja kwa simu kutoka Dar es Salaam. Dada mmoja aitwaye Erica, kazi yake kutafutia kampuni ya muziki vipaji vya mikoani, alikuwa ameona kipande cha "Imejaa" kwenye simu ya mtu. Alisema angekuwa Kigoma Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi, akauliza kama wana onyesho. Simu aliishika Feliksi. Kwa mara ya kwanza maishani mtu wa Dar alikuwa anasubiri jibu lake, na hapo akili ikamtoka kwa furaha.

"Sisi kila Jumamosi tunajaza," akasema.

Yasmini alipoambiwa alihesabu kwa vidole, akamtazama kama unavyomtazama mtu aliyekanyaga kitu. "Mwisho wa mwezi ni giza. Wavuvi wote wako ziwani. Tutamjazia nani, mbuzi?"

"Mishahara itakuwa imetoka. Watumishi watakuja."

"Mpigie. Mwambie aje mbalamwezi."

"Hatakuja tena."

"Basi mwambie ukweli, kwamba huku tunapiga kwa mwezi. Atapenda, watu wa Dar wanapenda vitu vya hivyo."

Feliksi hakupiga. Angepiga, leo hii nisingekuwa na la kuandika. Alikodi uwanja wa baa moja Gungu, akamwachia Yasmini habari ya mavazi, yeye akafikiria habari ya watu. Watumishi wa serikali aliwajua. Wanakuja na shati limechomekwa, wanaagiza nyama, wanalalamika kwamba Kigoma ni mbali, na muziki ukipigwa wanacheza kama wanaosubiri kusaini posho. Hao hawamtishi mtu wa Dar. Wanaocheza ni wavuvi, na wavuvi usiku wa giza hawabaki nchi kavu hata kwa msiba wa jirani. Tena ziwa lilikuwa limefungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane, likafunguliwa Agosti, na watu walikuwa bado wanalipiza ile njaa. Giza lilikuwa chakula.

Wavuvi hawawezi kwenda bila taa, na taa haziwaki bila betri.

Ijumaa asubuhi walipokuja kuchukua betri walimkuta Feliksi amekaa nje ya kibanda, amejipaka masizi usoni. Chaja imeungua, aliwaambia. Betri zote tupu, vifaa vinakuja kutoka mjini, wavumilie mpaka Jumapili. Alisema huku sauti inatetemeka, wakaamini kwamba ni huzuni. Wapo waliompa pole. Mmoja alimletea uji. Anatoli peke yake alisimama akamwangalia kwa muda, akauliza, "Zote?"

"Zote, mzee."

"Hata zile za juzi?"

"Hata hizo."

Anatoli akaenda zake. Feliksi akasahau kunawa masizi, akawaambia waliobaki, kama mtu anayewafariji: kesho kuna muziki Gungu, kwa wavuvi bure.

Jumamosi jioni uwanja ulijaa. Ulijaa vibaya, watu walikaa juu ya ukuta. Watumishi walibanwa pembeni na viti vyao vya plastiki, wakinusa harufu ya dagaa kama watu walioletewa barua ya karipio. Erica alikaa mbele, simu mkononi, anarekodi. Honorata alikuwepo, kwa sababu mwanawe alikuwa amechukua kitenge chake bila kumwambia naye alikuwa amekifuata.

Kitenge kilikuwa jukwaani. Umeme wa baa usingebeba spika zile, na hata kama ungebeba, Feliksi hakujua kupiga kwa kitu kingine. Kwa hiyo betri zote za Kibirizi zilikuwa nyuma ya jukwaa, zimepangwa kama matofali, zimejaa mpaka pomoni, na juu yake kimetandazwa kitenge cha Honorata. Feliksi alisimama mbele yake kuziba. Mpango wake ulikuwa huo tu: asimame asisogee. Kusimama bila kusogea ndicho kitu alichokisomea.

Yasmini alipanda. Tuseme haki, siku hiyo alikuwa moto. Spika zilinguruma, nyayo zikaitika, wavuvi wenye usingizi na njaa wakasahau vyote viwili. Erica alisimama juu ya kiti. Wimbo wa pili ulipokwisha alipaza sauti kutoka pale chini.

"Mwenzako yuko wapi? Nimeambiwa mko wawili."

Yasmini akaonyesha nyuma kwa kidole gumba. "Yule pale."

"Aje mbele, nimuone."

Hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa ameisubiri maisha yake yote, na alikuwa na kinanda shingoni. Mwanadamu mwenye akili angetikisa mkono akabaki. Feliksi alisogea mbele hatua ndefu, kifua nje, na waya wa kinanda, ambao aliuunga mwenyewe na kuukaza vizuri kama fundi wa kweli, ulikuwa umepita juu ya kitenge. Kikamfuata. Kilimfuata taratibu mpaka mbele kama mkia wa bibi harusi, na nyuma yake zikabaki betri, safu juu ya safu, nyekundu, kijani, mstari wa bluu, zinawaka taa zake ndogo za pembeni.

Uwanja ulinyamaza. Feliksi, ambaye alikuwa amezipa betri mgongo, alidhani wamenyamaza kwa ajili yake. Akatabasamu. Akapiga nota ya kwanza.

Anatoli alipanda jukwaani bila haraka. Alimpita Yasmini kwa adabu, akainama kwenye betri zake, akatoa kipande cha waya mfukoni, akagusisha ncha mbili. Cheche ikaruka. Akageuka kwa watu.

"Imejaa," akasema.

Yasmini alikuwa anangoja kuingia kwenye wimbo, na mdomo ulikuwa umekwishatangulia. "Imejaa?" aliuliza kwenye maiki, na mwalo mzima, kwa mazoea ya mbalamwezi zote zile, ukaitika. Ndipo kila mmoja akasikia alichokisema, na kila mmoja akaenda kuchukua ya kwake.

Hawakumpiga. Watu wengi husimulia kwamba alipigwa, lakini nani angekuwa na muda. Jua lilikuwa linazama na giza la kuvulia linaingia. Walipanda kwa zamu kama watu wanaopokea komunyo, kila mmoja akachomoa betri yake, akaiweka begani, akashuka. Betri moja ikitoka, taa zinapungua. Nyingine ikitoka, mngurumo wa chini unaondoka. Feliksi alikuwa bado anapiga, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na muziki wake ulikuwa unavuliwa nguo kipande kwa kipande mbele za watu. Mwisho kilibaki kile kilio cha inveta inayokaribia kuzimika, ambacho kwenye wimbo alikuwa amekiweka kwa makusudi, na safari hii kilikuwa cha kweli. Betri ya mwisho aliikumbatia. Mwenye betri akaivuta pamoja naye mpaka ngazini, akamkung'uta.

Honorata aliokota kitenge chake, akakikagua. "Umekitoboa," akamwambia.

Yasmini alikuwa amesimama katikati ya jukwaa, maiki imekufa mkononi. Akaitupa. Akapiga makofi mwenyewe, polepole, akaanza wimbo upya kwa koo tupu, na wanawake wa dagaa wakamdaka kwa makofi, na watumishi, mshangao ukiwatoa kwenye viti, nao wakainuka. Hata wavuvi waliokuwa getini na betri begani waligeuka kidogo kabla ya kukimbilia bodaboda. Erica alikuwa analia kwa furaha. Aliuliza swali moja tu aliposhuka Yasmini.

"Dada, wewe unaenda na mimi. Ila yule kaka aliyekuwa anang'ang'ania betri ni nani?"

Feliksi alikuwa amekaa pale ngazini, karibu kiasi cha kugusa sketi yake. Yasmini alimtazama.

"Fundi," akasema Yasmini.

Ile video ya Erica ilitazamwa nchi nzima. Ndiyo kazi ya Chanya na Hasi iliyopendwa kuliko zote, na ndani yake Feliksi anaonekana vizuri, sura yote, mbele kabisa, anaburuzwa na betri. Watu hatimaye wanamkumbuka. Ukipita naye Mwanga watoto wanainama wanajifanya wanakumbatia kitu.

Jumatatu wavuvi walikaa kikao mwaloni. Mmoja alitaka apelekwe polisi, mwingine alitaka kibanda kichomwe. Anatoli alisubiri wachoke.

"Polisi atalala," alisema. "Mimi nimepoteza giza, naye atoe giza. Apande mtumbwi wangu mpaka nitakaposema basi. Aone giza linafananaje."

"Mimi najua betri tu, mzee," Feliksi alisema.

"Ndiyo maana utakaa kwenye taa."

Hakuna aliyempelekea betri tena, kwa hiyo hakuwa hata na cha kukataa. Honorata alipoambiwa aliuliza kama atakuwa anarudi na mboga.

Yasmini sasa yuko Dar es Salaam. Kampuni iliona jina ni refu, ikakata, wakabakiza Chanya. "Imejaa" imerekodiwa upya studio nzuri, na ule mngurumo wa chini wameuacha vilevile, maana fundi wao wa huko alijaribu kutengeneza mwingine akashindwa. Unapigwa kwenye harusi, unapigwa kwenye kampeni, na unapigwa kwenye simu ya Yona, nahodha wa mtumbwi wa Anatoli, wakiwa katikati ya ziwa, taa zimening'inizwa juu ya maji na Feliksi amejikunja katikati yake kama kuku wa kuatamia.

"Huyu dada ni hatari," Yona alisema siku moja, akiongeza sauti. "Na huu mdundo, sijui nani kapiga."

"Mimi," alisema Feliksi.

Wenzake waliangua kicheko mpaka mtumbwi ukayumba.

"Wewe ulipiga deki, fundi," mmoja alisema. "Tuliona."

Chini yake dagaa walikuwa wamekuja, maelfu kwa maelfu, wanazunguka kwenye mwanga, nyuso zote zimegeukia kwake. Wakishajaa kazi ya mtu wa taa ni kuzima moja moja, ili wasogeane, mpaka wabanane chini ya taa ya mwisho na wavu upande. Yona alizima simu, akachungulia majini.

"Imejaa," alisema. "Haya, fundi. Zima ya kule mwisho."

Feliksi akazima.

"Na hiyo ya kushoto."

Akazima. Zikabaki mbili, zinaning'inia sambamba, moja kila upande wake. Mkono wake ulikaa hewani.

"Unangoja nini?" Yona akamwambia. "Bakiza moja."